Chanfi Moinaidi na Kona ya Ntsoudjini

Ndugu mliokusanyika kwa hitima hii, assalaam alaykum. Kwa niaba ya familia mimi Faouzia, binti wa dada yake, nawasomea maisha ya mjomba wangu, Chanfi Moinaidi, aliyezaliwa Mutsamudu tarehe 12 Machi 1938, akasoma chuo cha Kurani na shule hukohuko, kisha akaenda Madagaska, akajifunza upimaji wa reli na kuifanya kazi hiyo hadi Januari 1977, aliporudi pamoja na wenzetu walionusurika mauaji ya watu wetu kule Majunga, fundi wa reli katika nchi isiyo na hata kipande cha reli.

Aliajiriwa idara ya ujenzi, Moroni, na tarehe 14 Oktoba 1978, miezi michache baada ya mamluki wa kigeni kuingia na kuipindua serikali, alimuoa Rahamatou Mmadi, akahamia nyumba ya mke, hii tuliyomo, kama ilivyo desturi yetu, na mwaka 1980 wakajaliwa binti, Oumi.

Tarehe 9 Februari 1982, baada ya kaka wa Rahamatou kukamatwa, mama na mtoto waliondoka kwenda Ufaransa, wakiahidi kurudi mamluki wakishaondoka, na mjomba, akikimbilia kuwaaga, alisimamishwa kwenye kizuizi cha mamluki, barabara ya Hahaya iendayo uwanja wa ndege, akasihi, "Mke wangu yuko uwanjani," wakacheka, wakamwambia angoje, akangoja mpaka ndege ikampita juu ya kichwa.

Alibaki kwenye nyumba ya mke asiyekuwepo, jambo lililotutia aibu watu wa Mutsamudu, na ninyi majirani mnaolia leo mlimtania, "Shemeji, unalinda kuta?" naye akawajibu, "Nalinda ufunguo, mwenyewe atautaka."

Mwaka 1984 iliundwa kamati ya treni ya kasi kati ya Moroni na uwanja wa ndege, yenye mwenyekiti, makamu na viti vya ngozi, na mjomba akaichorea njia iliyonyooka, isiyokatizwa na kizuizi chochote, isipokuwa hapa Ntsoudjini, ilipopinda ghafla kuikwepa nyumba hii. "Bwana Chanfi," mwenyekiti akauliza, "treni ya kasi itambae kama konokono?" "Itambae, mheshimiwa, nyumba ya mwanamke haivunjwi naye hayupo." Akaambiwa anyooshe mstari au atoke, akatoka. Tusidanganyane, reli ile isingejengwa hata mstari ungenyooka, lakini yeye aliiamini, kwa kuwa aliwaza abiria wawili tu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1987, akakataa tumrudishe Mutsamudu, na alifariki Moroni alfajiri ya Jumatatu, 12 Juni 1989. Rahamatou, aliposikia hali yake, hakungoja tena mamluki waondoke, alipanda ndege na Oumi, wakatua Hahaya asubuhi ileile, wakazuiwa barabara ileile, wakafika tumeshazika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, na wenzake wa ofisini mliobeba jeneza. Walio kwenye kizuizi hatuwashukuru.

Pumzika kwa amani, mjomba. Ufunguo ameupokea mwenyewe.