Adalbert Kamate (1958–2024), Fundi wa Joto na Umeme wa Magari

Ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wetu wa Himbi hapa Goma, nanyi mafundi mliofunga gereji leo kwa ajili yake: huyu tunayemsindikiza, Papa Adalbert Kamate, alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hukohuko, kisha ufundi wa umeme, akapata diploma mwaka 1978. Mwalimu wake alilalamika kwamba kijana huyu hagusi kitu kabla ya kukinusa. Tabia hiyo hakuiacha. Alinusa nyaya kama mama anavyonusa mchuzi.

Alifika Goma mwaka 1981. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa barabara zote, yeye ndiye aliyetengeneza malori ya kubeba maji, injini zao zilipochemka kwenye mlima wa Kibumba. Baadaye zikaja gari zinazokwenda kwa petroli na kwa umeme, zenye betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Mafundi wengi walizikimbia. Papa alikaa chini akajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na akawa anamwonyesha kila dereva tundu lililo ubavuni mwa kiti, ambamo feni huvuta hewa ya kupoza betri. "Batri nayo inapumua kama mutu," aliwaambia. "Usiizibe."

Tarehe 20 Agosti 1983 alimwoa Clotilde Nyiramahirwe wa Kiwanja. Gari ya maharusi ilichemka njiani, naye akafungua boneti akiwa ndani ya suti yake nyeupe. Kwenye picha ya kanisani ameficha mikono mgongoni kwa sababu ya grisi. Mama Clotilde anaicheka mpaka leo.

Lakini mganga hajigangi. Tarehe 22 Oktoba 2022, vita ilipokaribia Kiwanja, Papa aliendesha gari yake, nayo ya petroli na umeme, kwenda huko kumchukua Charline, mke wa mwanawe Lévi, ambaye uchungu wa kuzaa ulikuwa umekwisha kumshika. Walimtandikia godoro nyuma, na kwa haraka ile Papa akalisukuma mpaka likaziba tundu la betri. Wakirudi Goma, kwenye mlima wa Rugari betri ilipata joto, gari ikaishiwa nguvu, ikasimama. Wakangoja ipoe, huku watu wakipita na mizigo kichwani. Charline alijifungulia kando ya barabara, mikononi mwa akina mama waliokuwa wakikimbia. Mtoto, Umuhoza, aliishi kwa saa tatu tu. Ni neno zito kulisoma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo Papa hakumtazama Charline usoni. Aprili 2024 figo zilimlaza hospitalini, na Charline ndiye aliyekuwa akimlisha uji. Siku moja alimwambia: "Papa, godoro ni miye niliomba. Batu balikuwa banakimbia Kiwanja, weye ulikuya kunitafuta."

Papa alilia sana, kisha akamtazama. "Siku yangu ikifika," akasema, "weye njo utasoma maisha yangu mbele ya batu. Usifiche ya godoro."

Aliaga dunia tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, Mama Clotilde akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Clotilde. Watoto wanne, Lévi, Micheline, Marie-Louise na Prodige. Wajukuu saba, nane kwa hesabu yake mwenyewe, kwa maana Umuhoza hakumwacha nje hata siku moja. Na mkwe wake Charline, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Hakuficha neno, na kinyongo hana.

Papa, pumzika sasa kwa amani.