Historia ya Mdogo Wangu Chiriku, Mshona Kola

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imeniomba niisome historia hii mimi dada yake, na kwa kuwa nilizoea yeye aseme mimi nisikilize, mtanivumilia.

Marehemu, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alizaliwa tarehe 14 Machi 2002, kitinda mimba wa watoto wawili. Alianza shule ya msingi Januari 2009, akaingia sekondari 2016, akakatisha masomo Juni 2018 mafigo yake yaliposhindwa kazi, na tarehe 9 Oktoba 2019 nikampa figo langu moja, akazinduka akilalamika kwamba sasa atakuwa mbishi kama mimi.

Mwaka 2020 alijifunza ushonaji, akaajiriwa kwenye karakana ya sare za shule, upande wa kola, na fundi mkuu aliyeketi hapo mbele anajua mkono wake ulivyokuwa. Hakujaaliwa ndoa wala watoto, ila alichumbiwa na fundi umeme, kijana wetu huyu, na harusi ilikuwa iwe Desemba hii.

Dawa za kulinda figo zilimjaza mashavu, nasi tukamsifu kwamba afya imerudi, hata Mei 2022 alipoanza kupanua kola za nguo zake mwenyewe nilimshikia tepu, nikimtania kwamba uchumba unamnenepesha. Kumbe zilikuwa tezi za shingo zilizovimba. Tarehe 3 Agosti daktari alitwambia ni limfoma, saratani ya tezi, akaeleza kwamba dawa zinazouzuia mwili usilikatae figo huulegezea pia ulinzi wake, na kwamba kirusi ambacho watu wazima wengi tunacho bila kujijua huweza kumwingia kijana pamoja na figo alilopewa, kikaanzisha ugonjwa huo. Nilishindwa kumtazama. Akaniambia, "Dada, bila wewe ningekufa na miaka kumi na saba, hata kuchumbiwa sijachumbiwa. Acha ujinga."

Alitibiwa miezi mitatu, akafariki Jumatatu, tarehe 21 Novemba 2022, saa nne asubuhi, figo likiwa bado linafanya kazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufulia na kutupikia, na wenzake wa karakana waliopokezana zamu kitandani pake, na wenye vijana waliopandikizwa figo nawaomba, uvimbe wowote shingoni au kwapani msiuite unene.

Mdogo wangu, nimekukumbuka mno, na hata hatujakuzika bado. Pumzika kwa amani.