Maua Yawe ya Wastani

Kijiwe chenyewe kilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi wa makufuli, na bado ulikuwa na tundu la kitasa ambalo kila mgeni alilikalia vibaya mara moja. Shangazi aliweka birika lake la kahawa upande wa kivuli, na ikifika saa tatu asubuhi wenye kijiwe wanakuwa wameshajipanga: Kufuli, mwenye kibanda, Mita, aliyesoma mita za maji miaka thelathini hadi akastaafu, na Profesa, aliyefundisha muhula mmoja tu maishani lakini hajaacha mpaka leo. Siku hiyo wa mwisho kufika alikuwa Fundi, mshona sare za shule, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakuwa na raha. Mkewe, muuguzi, alikuwa amehamishiwa zahanati ya kitongoji kipya kule vilimani. Ameona nyumba huko, akamtuma mumewe akaangalie usalama na shule. Fundi akaitikia, siku zikapita, sare za watu zikamfunika hadi masikioni, na hakwenda. Sasa asubuhi hii, kwa ule upole wake wa kutia hofu, mkewe alikuwa amesema: "Jibu nalitaka kabla ya saa sita."

Fundi alipokea kikombe, akakaa mbali na tundu, akawaeleza yote.

— Kwa hiyo nisaidieni, alimaliza. Kule vilimani kukoje?

— Usalama niulize mimi, alisema Kufuli. Mwezi huu watu wa kule wamenunua kwangu makufuli kumi na mawili. Yale makubwa, ya kufungia maghala.

— Basi kuna wezi, alisema Fundi.

— Hapana. Wezi walikuwepo zamani, watu walipokuwa hawana makufuli. Sasa wanayo. Kwa hiyo ni salama.

— Na wasingenunua?

— Ingekuwa salama zaidi. Ila ningekufa njaa mimi.

Mita alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayewasikiliza watoto.

— Mambo ya kufuli ni ya nje tu. Mimi nimeingia kwenye nyua za watu miaka thelathini. Mtaa unaujua kwa mbwa. Mbwa mnene maana yake hana kazi, mtaa umetulia. Mbwa mwembamba huyo anashinda akikimbiza watu.

— Au halishwi, alisema Shangazi.

— Shangazi, wewe mimina kahawa. Kule vilimani nilimkuta mbwa mnene kiasi kwamba alilala juu ya mita, hakuondoka. Nikaandika namba kwa kukisia.

— Lini hiyo?

— Zamani kidogo. Kabla nyumba hazijajengwa.

Kufuli aligeuka akamtazama.

— Nyumba hazijajengwa, mita ilikuwa ya nani?

— Ya mwenye mbwa, alisema Mita, na akanywa taratibu kuonyesha kwamba suala hilo limefungwa.

Fundi aliangalia simu yake. Saa nne na nusu. Usalama ulikuwa unamsumbua, lakini lililomkaa moyoni ni jingine. Juzi binti yake wa miaka minane alikuwa amemwonyesha daftari. Ukurasa uleule, maneno yaleyale, ameunakili siku tatu mfululizo kupima kama mwalimu anasoma, na mara zote tatu amepata "vizuri sana." Fundi alicheka mpaka machozi. Mkewe hakucheka. Alilifunga lile daftari na kulirudisha kwenye mkoba kama anayefunga kidonda.

— Na shule? aliuliza. Shule mtu anaijuaje?

Hapo Profesa akaweka kikombe chini. Alikuwa anasubiri.

— Shule, bwana, itazame maua yake. Anayechelewa anaadhibiwa kumwagilia maua, sivyo? Basi ukiona maua yamestawi, jua wanachelewa wengi. Nidhamu hakuna.

— Na yakiwa yamekauka? aliuliza Shangazi.

— Mwalimu mkuu mvivu. Hafuatilii adhabu.

— Sasa yaweje?

Profesa alifikiri kwa muda mrefu, macho juu.

— Yawe ya wastani.

— Mimi nina njia yangu, alisema Fundi, kwa sauti ndogo kwa sababu kijiweni hapo hajazoea kuwa na njia. Nashona viraka. Shule nyingine wananiletea kiraka cha makalio: mtoto anashinda amekaa, hakuna anayemwambia ainuke. Nyingine ni magoti: huyo anacheza, anapanda, anaanguka. Za kule vilimani wananiletea magoti.

Lilikuwa neno la maana, na kijiwe hakikujua kulifanya nini.

— Magoti, alisema Profesa. Inaweza kuwa wanapigishwa magoti.

— Shule nzima?

— Labda na walimu wao, alisema Mita. Mwalimu mkuu wa kule ni mkali. Nasikia kengele anaigonga kwa kichwa.

— Kichwa cha nani? aliuliza Kufuli.

Kabla hawajakubaliana kichwa ni cha nani, mwanamke mmoja alisimama mbele yao. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la mwendo mrefu, na kwapani alibana bahasha. Aliwasalimia wote, na wote wakaitikia kwa heshima.

— Samahani jamani. Nimeonyeshwa nyumba hapo nyuma, nafikiria kuhamia mtaa huu. Nimeambiwa nyie ndio wenyeji.

— Umefika, mama, alisema Profesa, na akajisogeza ampishe.

— Nina swali moja tu. Shule hiyo ya ng'ambo ya barabara, mwalimu wa darasa la pili ni nani?

Ukuta wa shule ulikuwa hatua arobaini kutoka kwenye birika. Sauti za watoto zilikuwa zinasikika.

— Ni mwanamke, alisema Mita. Au yule mwanamume mrefu.

— Yule mrefu anauza mkaa, alisema Kufuli.

Profesa aligundua kikombe chake kina sisimizi, akashughulika naye.

— Binti yangu yuko darasa la pili pale, alisema Fundi.

Uso wa mwanamke ukachangamka.

— Afadhali. Anafundishwa na nani?

Fundi alifungua kinywa. Sare ya binti yake aliishona mwenyewe, anajua urefu wa mkono wake na upana wa bega lake. Lile jina halikuja, kwa sababu hakuwahi kuliuliza.

— Sijui, alisema.

— Haya, asanteni. Ngoja nikaulize mwenyewe.

Mwanamke akasubiri magari yapite. Fundi akampigia mkewe palepale, bila kusogea kando.

— Mama. Kule vilimani sikwenda. Wala sijui lolote.

— Najua, mkewe alijibu. Nilienda mimi Jumanne. Nilikaa nyuma darasani, kwenye shule ya huko, mpaka mapumziko. Mwalimu anasahihisha huku mtoto amesimama pembeni yake. Na mtaa nimeutembea jioni. Watoto walikuwa bado wako nje wanacheza, mama zao wanaongea.

— Na mwenye nyumba? Si anasubiri jibu saa sita?

— Mwenye nyumba nilimjibu jana. Ile saa sita nilikupa wewe, si yeye. Tunahama Jumamosi.

Fundi akashusha simu. Akahesabu: leo Alhamisi. Binti yake amebakiza siku mbili katika darasa ambalo babake hajawahi kukanyaga mlango wake.

— Mama, ngoja, alimwita yule mwanamke. Twende wote.

Wakavuka barabara pamoja. Kijiweni, waliobaki waliwasindikiza kwa macho mpaka langoni.

— Wanaenda wapi? aliuliza Kufuli.

— Kumuuliza mwalimu yeye ni nani, alisema Shangazi, akikung'uta machicha ya birika tupu kwenye mtaro.

Mita alisikitika kwa dhati.

— Kuuliza mwenyewe hivyo, alisema, ndivyo watu wanavyodanganywa.