Zege la Ghorofa ya Pili

Sogeeni, wanangu, na huyo aliye mlangoni aufunge, maana pumzi iliyobaki si ya kupigia kelele. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku yake. Baadaye mgawane sawa, wa kike kwa wa kiume, na atakayemtoa mwenzake humu mimi simjui. Hayo yamekwisha. Linalonikatalia kufa kwa amani ni jingine.

Mnamjua mjane wa ng'ambo ya barabara, yule fundi cherehani aliyewashonea sare, ambaye mimi sijakanyaga kwake hata mara moja. Mumewe alikuwa fundi wa plasta, nasi kwa kumdhihaki tulimwita Mbishi. Kazini kwetu, kabla ya kuondoa nguzo za mbao zilizoshikilia zege, kila fundi aligonga kwa nyundo na kutamka alichosikia, akianza mkubwa. Siku ile, ghorofa ya pili, fundi mkuu akagonga, akasema, "Limekauka." Wanne waliofuata wakasema hivyo hivyo. Nilipogonga mimi, wa sita, lilijibu bubu kama gunia la mchanga, nami, wanangu, nikasema limekauka. Hakuna aliyenitisha. Niliziona tu nyuso tano zikinisubiri, nikajiambia wengi wape, huenda masikio yangu ndiyo mabovu. Mbishi akagonga wa mwisho: "Bado, jamani. Hili bado." Tukamcheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amelisema la moyoni mwangu. Akaona haya, akaingia chini kuondoa nguzo kwa mikono yake, tusimwite mwoga.

Likamwangukia. Wakaguzi walipokuja, fundi mkuu akasema marehemu alikuwa mkaidi, aliondoa nguzo bila ruhusa. Tukaulizwa mmoja mmoja, akianza mkubwa tena, na mimi nikaitikia. Mkewe akatolewa nyumba ya kampuni, akalea kwa sindano, na wanawe wamekua wakiambiwa baba yao alijiua kwa ubishi. Wale watano wote wamekwisha kufa. Watu husema kifo cha wengi harusi. Waongo hao, mimi kifo kile nimekaa nacho peke yangu miaka thelathini na moja, na nimejichukia kila asubuhi.

Kwa hiyo mkikaa kikao, aanze kusema mdogo, na akiwa peke yake msimcheke kabla hamjaenda kusikiliza wenyewe. Juzi nilipomwambia kifungua mimba wangu kwamba namtaka yule mjane hapa, mlikutana jikoni mkakubaliana ninyamazishwe, eti nitawaaibisha wajukuu. Niliwasikia, watoto sita kwa sauti moja, na mama yenu akilia.

Sasa mmoja wenu avuke barabara amlete, yeye na wanawe, ningali na ulimi. Atakayekwenda, radhi yangu iko naye, na Mola ampe... nipeni maji... ampe moyo nilioukosa mimi. Nimesema mmoja. Mbona mnatazamana, wanangu?