Gurudumu Alilotoa Baba Karibu na Gilgil

Marehemu Stanley Muturi Nderitu, ambaye tumekuja kumsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa Molo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Nderitu na marehemu Mama Jerusha, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi darasa la saba, kisha akaanza kupeleka maziwa mjini kwa baiskeli, kazi iliyompa ile miguu ambayo wengi wenu mnaikumbuka.

Mwaka wa 1979 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha unga mjini Nakuru, akajiunga na timu yao ya baiskeli, ambako kazi yake haikuwa kushinda, bali kukaa mbele na kukata upepo ili kapteni, Bwana Ndegwa, rafiki yake tangu utotoni, afike mwisho akiwa na nguvu.

Alimwoa mama yetu, Rahab, tarehe 18 Desemba 1982, Bwana Ndegwa akiwa msimamizi wa harusi, wakajaliwa watoto wawili, mimi Sue ninayesoma, na ndugu yangu Travis.

Mnamo Juni 1984, kocha Mfaransa alikuja kutazama mashindano ya kutoka Nairobi hadi Nakuru, achague waendeshaji wawili wa kwenda kushindana kwao, na karibu na Gilgil gurudumu la Bwana Ndegwa likapasuka, Baba akashuka, akampa lake, naye akaahidi mbele ya wenzao, "Muturi, hatuachani. Nitamwambia kocha ni wewe umenifikisha."

Bwana Ndegwa alishinda. Baba alifika baadaye, baiskeli begani, akamkuta kocha akiuliza huyu naye ni nani, na kwa masikio yake akamsikia rafiki yake akijibu, "Huyo? Huyo hushindwa njiani kila mara, hana moyo," na nafasi ya pili akapewa shemeji ya Bwana Ndegwa.

Baba hakushindana tena, alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Bondeni, akatusomesha, na kila redio ilipotaja matokeo ya Ufaransa aliizima.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya koo, akalazwa mara kadhaa Nakuru, akatuacha tarehe 4 Februari 2026. Siku chache kabla, Mama alimwuliza kama tumwite Bwana Ndegwa, akanong'ona, "Akija, mpeni kiti na chai. Msimpe kipaza sauti."

Bwana Ndegwa, tumeona umefika, asante, na tunajua umeomba kusema machache kama rafiki wa karibu, lakini hayo ndiyo maneno ya marehemu, na familia imeyashika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viazi na kuni, mafundi wa Bondeni waliofunga vibanda vyao leo, na Mama, ambaye hakuwahi kumtaka awe mtu mwingine.

Baba, sasa pumzika kwa amani.