Shangazi Pia Aiacha Mashine ya Kukereza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi Pia anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu miaka thelathini na moja na miezi minne. Wenye kumbukumbu watasema tulishamuaga mara mbili mwaka huu. Ni kweli, na mara zote mbili Jumatatu yake tulimkuta kwenye mashine, kitambaa kichwani, akituuliza tunashangaa nini. Safari hii anaondoka kweli, na sababu mtaiona huko mbele.

Alianza kazi kama mfagiaji. Fundi wa kukereza wa wakati huo alimwona akizipanga taka za mbao kwa unene kabla ya kuzitupa, akamkabidhi patasi. Tangu hapo amekereza miguu ya meza, mipini na michi, lakini jina alilipata kwa pia za kusokotea uzi. Si zile za watoto kuchezea. Ni kijiti chembamba, urefu wake kama mkono hadi kiwiko, chenye kisahani cha mbao karibu na ncha ya chini. Msokotaji hukizungusha kwa vidole, pamba inajinyonga na kuwa uzi. Pia ikizidi uzito upande mmoja, hata kwa punje ya mchele, uzi unatoka mnene hapa, mwembamba pale, na mwisho unakatika.

Ndiyo maana kila pia ilipita kwenye sahani yake ya bati. Aliifudikiza sahani mezani, akaizungusha pia juu yake, akahesabu kwa sauti. Ikisimama wima hadi arobaini, inaingia kapuni. Ikiyumba kabla, aliiita mlevi, na walevi wote kwao ni jikoni, kuchemshia chai. Mimi mpakua magogo sina elimu ya kusifu watu. Ila nimefanya kazi mbali na kwetu chini ya mafundi wengi, na ni yeye peke yake niliyemwona akitia motoni kazi ya mkono wake mwenyewe bila kugeuka kutazama nani anamwona.

Umeme ukikatika, sisi tulikaa chini kwa furaha. Yeye alihamia kwenye mashine ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, akatuambia umeme wake uko kwenye unyayo na haujawahi kukatwa. Hapo ilibidi tuinuke na sisi, maana aibu ni mzigo.

Jina lake lilimpa meneja taabu. Kwenye vikao, kila meneja aliposema "na pia", Shangazi aliitika "Abee!" kwa heshima zote, na kikao kikavunjika kwa kicheko. Siku hizi meneja husema "vilevile", "aidha" na "isitoshe". Hakuna meneja mwenye maneno mengi kama wetu, na hiyo ni kazi ya Shangazi.

Shida ilikuwa moja. Macho yake yamechoka, na binti yake amekwisha kumtengea chumba. Lakini wasokotaji wanaochukua pia kwetu hawana pengine pa kwenda, na meneja alisema wazi kwamba Shangazi akiondoka bila mrithi, mashine itauzwa. Shangazi akajibu kwamba hatoki mpaka pia iliyokerezwa na mkono mwingine isimame arobaini.

Mkono huo ni wa Dada Vanishi, mama wa watoto watatu, aliyekuwa chumba cha rangi. Tangu aanze kujifunza, chai haijatukaukia, walevi walikuwa tele. Mwezi wa tatu pia yake bora ilianguka kwenye kumi na tisa. Mwezi wa sita ilifika thelathini na nne, tukamsihi Shangazi afumbe jicho kidogo. "Mimi nitafumba," alisema. "Na uzi nao utafumba?"

Jumanne iliyopita ilifika arobaini. Shangazi hakunyamaza. Aliendelea kuhesabu hadi hamsini na mbili, sauti ikizidi kushuka, pia ikalala taratibu. Badala ya kuitia kapuni akaitia mfukoni, akaenda kunawa uso, na akakaa huko muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Aliporudi alimwambia Dada Vanishi kwamba sahani ni yake sasa, na ole wake ailie chakula.

Kesho yake kwenye kikao ulimi wa meneja uliteleza, akasema "na pia". Tukasubiri. Shangazi kimya, anamtazama Dada Vanishi kwa pembe ya jicho, mpaka chumba kizima kikamgeukia.

"Abee," akaitika Dada Vanishi, kwa sauti ndogo.

"Paza sauti, mwanangu," akasema Shangazi. "Mashine ile ina kelele."

Asante, Shangazi, kwa kila uzi usiokatika, na kwa chai. Tunakutakia maisha mema, na usingizi wa asubuhi ambao hujaujua miaka thelathini na moja. Na pia, ukilisikia neno hilo huko kwa binti yako, usiitike. Kaa tu, pumzika. Yupo wa kuitika.