Uso wa Ellsworth Gaither

Ndugu, jamaa, majirani wa Mtaa wa 145, na ninyi mliosafiri, ketini, familia inawasomea maisha ya Ellsworth Gaither kama yalivyokuwa, bila kuyapiga pasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 mjini Waycross, Georgia, mtoto wa pili wa mzee Amos Gaither, fundi wa reli, na Bi. Lovie, na mwaka 1937 wazazi wake walihamia hapa Harlem kwa sababu ambazo Bi. Lovie hakupenda zizungumzwe mezani. Alisoma shule za hapa mtaani, akamaliza sekondari mwaka 1947, akapelekwa na jeshi Korea mwaka 1951, akarudi mzima mwaka 1953, na serikali ikamlipia chuo cha sanaa, alikohitimu mwaka 1956.

Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni moja ya vitabu vya katuni, ambayo sasa haipo, akiwa Mweusi pekee katika chumba cha wachoraji, na tukisema pekee hatupambi maneno. Wachoraji wale walikuwa na desturi ya kutazamana, anayetaka kuchora taya au bega alimwambia jirani yake, "Hebu kaa kama umepigwa ngumi," naye alikaa, lakini mwaka 1967, mhariri wao, Bwana Saul Lefkow, alipomkubalia achore shujaa Mweusi, wa kwanza katika kampuni ile, Ellsworth aliinua macho akitafuta wa kumtazama, akakosa, akaenda kununua kioo cha kunyolea na kukitundika juu ya meza yake.

Shujaa aliitwa Mlinda Daraja, mwenye nguvu ya kushika nguzo za chuma zisianguke, na Bwana Lefkow, ambaye hakuwa mtu mbaya ila aliwaogopa wauza magazeti wa Kusini, ambao wangekataa kuuza kitabu chenye shujaa Mweusi, alimfunika kwa vazi tangu utosini hadi kisigino, pamoja na glavu, toleo baada ya toleo, hata wasomaji Wazungu wakaandika kumsifu wakidhani ni mtu wao. Ndipo marehemu, ambaye hakuwahi kuomba hata likizo, akaomba picha moja tu, shujaa avue barakoa.

"Moja, Elly," Bwana Lefkow alimwambia, "na iwe ukurasa wa mwisho, wakishalipa."

Ilikuwa toleo la Oktoba 1967. Marehemu alichora uso ule kwa wiki nzima, akaandika namba ya rangi ya kahawia kwa mkono wake, ukurasa ukapelekwa Connecticut, ambako kinamama wa kiwandani walikuwa wakitenga rangi kwa mkono, kila sehemu na namba yake. Walipokuta kahawia kwenye uso wa shujaa walijua moja kwa moja kwamba mchoraji amechoka, kwa kuwa shujaa ana namba yake, ya waridi, nao hawakuwahi kupewa nyingine, basi wakamsaidia kuisahihisha. Kitabu kikatoka hivyo, nchi nzima.

"Bwana Gaither," kinyozi wake, marehemu Roosevelt Ambrose, alimwuliza mbele ya wateja, "huyu wako ana pua ya Waycross na ngozi ya Norway, mama yake alipitia wapi?" Wote wakacheka, Ellsworth naye akacheka, akalipa, akaondoka kabla ya kunyolewa upande wa pili. Bwana Lefkow aliahidi kurekebisha toleo lijalo, lakini halikuwapo toleo lijalo, na kampuni nyingine ilipomtoa shujaa wake Mweusi na magazeti yakaandika kwamba ndiye wa kwanza, marehemu alikinunua kitabu kile, akakisoma amesimama njiani, akasema tu kwamba mikono imechorwa vizuri.

Tarehe 6 Juni 1959 alikuwa amefunga ndoa na Bi. Verdell Tisdale, katika kanisa hili, wakajaliwa binti mmoja, Corinne, aliyezaliwa mwaka 1961. Mwaka 1970 Bi. Verdell alihamia Detroit na mtoto, na kwa kuwa yupo hapa ametuomba tuseme wazi, kwa maneno yake: "Hakunipiga, hakunikosea. Nilimwambia, nenda kapige kelele pale ofisini. Akasema, nimeshawaambia, wakasema pole. Baada ya hapo hakunyanyua uso nyumbani, nami sikuolewa na kisogo."

Kuanzia mwaka 1971 hadi alipostaafu mwaka 1991 alichora matangazo ya majokofu, akaishi peke yake orofa ya tano, akipika chakula cha mtu mmoja. Mwaka 1998 mashabiki walimwalika kwenye mkutano wao kama mwanzilishi, wakampa meza, na foleni ikawa ya meza ya jirani, yeye akaulizwa na kijana mmoja choo kiko wapi, naye akamwelekeza kwa adabu. Wasomi nao walikuja kumhoji juu ya uwakilishi na utambulisho, akawasikiliza mpaka chai ikapoa, akasema, "Wanangu, mimi nilitaka waone uso tu."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2001, akawa anasafishwa damu hospitalini, hadi alipofariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2003, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwita kwa jina lake kamili, Bi. Hattie Crume wa orofa ya nne aliyempelekea supu akijua atarudishiwa bakuli bila neno, na wachoraji wawili wazee waliokuja leo, ambao tunajua jinsi magoti yao yanavyowauma. Corinne alisimama na mtayarishaji wa maiti mpaka mwisho, akamkataza kumpaka poda, akamwambia, "Mwache na rangi yake." Jeneza liko wazi. Piteni taratibu, mmoja mmoja, mtazameni usoni, asiwaharakishe mtu, kisha tumwache alale salama.